Mlio Mmoja wa Mama Jebet

Wasikilizaji wapendwa, mmeusikia huo mlio? Simu imelia mara moja, ikakatika. Ijumaa ya leo tunamkumbuka mama mmoja kwa mlio huo. Aliitwa Jebet. Mama Jebet alifariki hapa Qatar, Jumanne, wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka hamsini na tisa. Mimi ni Melissa. Sogeeni karibu.

Mama Jebet alitoka Kericho. Alikuwa mpishi kule Umm Salal, miaka kumi na tisa nyumba ile ile. Rafiki yake ni Mama Faridah, mzaliwa wa Mumias, mpishi wa nyumba nyingine huku Abu Hamour. Walijuana kwenye foleni ya kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kibali, wote wageni, wote na njaa. Jebet alikuwa na andazi moja. Akalikata vipande viwili.

"Kipande kikubwa akachukua yeye," Mama Faridah aliniambia, akicheka huku analia. "Nikajua huyu hana unafiki."

Ijumaa ilikuwa siku yao. Mmoja akitoka kanisani, mwingine akitoka msikitini, wanakutana Abu Hamour, wanasukana nywele na kusengenya. Ndiyo, kusengenya. Marehemu hakuwa malaika, na familia imeniruhusu niseme.

Lakini Ijumaa ni moja tu kwa wiki. Na mamadamu wao, wenye nyumba walizopikia, hawakutaka simu jikoni. Basi wakawa wanabipiana. Saa kumi na moja alfajiri Mama Jebet anabipu mara moja. Maana yake: nimeamka, niko. Mama Faridah naye anabipu mara moja. Hakuna kupokea. Nasema tena, wasikilizaji: hakuna kupokea. Kuna siku Mama Faridah alipokea, akafokewa.

"We Faridah! Unataka nifukuzwe? Ukiwa na neno, liweke hadi Ijumaa!"

Jumanne ile simu ililia. Haikukatika. Mama Faridah alikuwa akikanda unga. Aliliona jina la Jebet kwenye kioo. Simu ikalia, ikalia.

"Nikasema, huyu mzee leo amesahau kukata," aliniambia. "Nikacheka. Sikupokea. Ilipokatika nikanawa mikono, nikambipu kama kawaida."

Saa mbili asubuhi akapigiwa na Githinji, dereva wa ile nyumba ya Umm Salal. Mama Jebet alikuwa amekutwa sakafuni chumbani kwake, simu mkononi. Madaktari walisema ni moyo.

Alitaka kusema nini? Hatujui. Mama Faridah hatajua, na hilo linamla. Hakuruhusiwa hata kumwona mwenzake. Hakuwa ndugu, jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. Miaka kumi na tisa, na hakuna karatasi. Jeneza lilipopakiwa ndegeni kwenda nyumbani, yeye alikuwa akipika chakula cha mchana cha watu kumi na wawili.

Mama Faridah bado huja pale pale walipokuwa wakikutana, kila Ijumaa. Nilimkuta peke yake, kitana kiko mkobani, nywele hazijasukwa. Nikamwambia nitamsuka mimi.

"Asante, mwanangu," akasema. "Lakini wewe huna habari za Umm Salal."

Nikakaa tu naye.

Jana nilimpigia Jeptoo, binti wa marehemu, kule Kericho. Nilipomweleza habari za kubipu, aliniomba nimsomee namba ya Mama Faridah. Kisha akasema, "Kumbe ni yeye! Tangu tumzike mama, kila alfajiri simu yangu inalia mara moja, inakatika. Namba ya Qatar. Nilidhani ni mtu anakosea namba; basi mama alikuwa amempa yangu."

Wasikilizaji wapendwa, simu yangu ina namba mia nne. Leo asubuhi hakuna hata mmoja kati ya wenye namba hizo aliyejua kama nimeamka. Wewe je? Nani anajua? Na wewe, unajua nani ameamka?

Kwa Jeptoo na jamaa wote wa Kericho, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na pole ya pekee iende Abu Hamour, kwa yule ambaye hakuna aliyempa pole. Mama Faridah, najua unanisikiliza. Jeptoo amenituma kwako. Anasema uendelee kubipu, naye kuanzia kesho atakujibu kwa mlio mmoja. Lakini siku simu ikilia na isikatike, anasema, atapokea.