Jaji Gwenllian Probert, Aliyeanguka Kabla ya Kutaja Adhabu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia anasimama mbele yenu Emlyn Rees, mdogo wa marehemu, mwenye maradhi ya moyo tangu zamani, ambaye marehemu hakuacha kumkanya apunguze chumvi, na hadi asubuhi hii familia haijaamini kwamba aliyetangulia ni dada.

Jaji Gwenllian alizaliwa Llanelli tarehe 14 Novemba 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Idris Rees, fundi wa kiwanda cha mabati, na Mama Olwen, akasoma hapo hapo hadi sekondari, akaenda Cardiff kusomea sheria, na mwaka 1984 akakubaliwa kuwa wakili, akarudi Swansea kuwatetea wezi, wagomvi na waliosingiziwa, kwa sauti ya chini iliyowalazimu watu kutega sikio.

Tarehe 22 Julai 1989 alifunga ndoa na Bwana Alun Probert, mwalimu wa kemia, katika kanisa la Burry Port, wakajaliwa Rhodri mwaka 1991 na Catrin mwaka 1994.

Oktoba 2007 aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya jinai, akavaa wigi na joho, akasikiliza kesi za mauaji na unyang'anyi kwa zaidi ya miaka kumi na saba, na kila siku aliyomfunga mtu miaka mingi alipitiliza bustanini, akapalilia mboga zake na viatu vya kazini miguuni, naye Bwana Alun alijua kutomuuliza neno mpaka anawe mikono.

Kuhusu kuugua hatuna cha kusoma, kwa kuwa hakuugua.

Alhamisi tarehe 6 Machi 2025 alikunywa chai, akamkumbusha mumewe kupeleka gari kwa fundi, akaenda kazini, na kabla ya adhuhuri wazee wa baraza wakamkuta mshtakiwa mmoja na hatia ya unyang'anyi, jaji akamwambia asimame, akafungua kinywa kumtajia miaka yake, akaishika meza, akaanguka. Mawakili waliduwaa, na aliyepaza sauti, nyuma ya kioo cha kizimba, ni yule yule aliyesubiri adhabu, mwanajeshi wa zamani: "Nifungulieni, najua kumsaidia." Mlinzi alimfungulia, naye akamkandamiza marehemu kifua na kumpulizia pumzi hadi gari la wagonjwa likafika, kisha akanyoosha mikono mwenyewe, akatiwa pingu. Dada alifariki hospitalini alasiri hiyo, kwa moyo kusimama.

Jana mezani Rhodri alisema mtu huyo asitajwe hapa, maana hata aliowanyang'anya wana familia zao. Bwana Alun alimjibu: "Mwanangu, pumzi ya mwisho kifuani mwa mama yako ilikuwa ya huyo. Hatumwombei afutiwe kosa. Tunasema asante, basi." Rhodri aliinamisha kichwa, akamjazia baba yake chai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani walioleta keki za zabibu nyingi kuliko tulivyoweza kula, makarani, mawakili na majaji wenzake, na tunamshukuru mtu huyo, ambaye jina lake hatulisomi kwa sababu wiki ijayo atasimama mbele ya jaji mwingine.

Gwen, dada, wewe pumzika, sisi bado tumeduwaa.