Peremende za Jumapili

Kwenye basi la kwenda Kampen, mji wa Uholanzi, Mzee Wouter alijifanya anasoma gazeti. Lakini nani asome wakati mabibi wawili wa kiti cha mbele wanazungumzia kanisa?

"Sisi tumebadilika, dada," alisema mwenye kofia ya sufu, mjumbe wa kamati ya kanisa. "Tumetundika bendera ya upinde wa mvua mlangoni. Wanaume wanaopendana, wanawake wanaopendana, wote karibu. Na kahawa tunawapa!"

Wouter aliijua kahawa hiyo. Haijawahi kumvuta mtu.

"Bendera nimeiona," mwenzake alijibu taratibu. "Jumapili mwanangu Reinier alikuja na mume wake, Joost. Mahubiri yalipoanza, peremende zikapitishwa kwenye benchi mkono kwa mkono, kama kawaida yetu. Zilipofika kwao zikapitishwa juu ya magoti yao, akapewa jirani."

"Jamani, peremende tu! Labda mtu alipitiwa."

"Apitiwe vipi? Paketi alikuwa nayo mume wangu. Alinyoosha mkono kumvuka mwanawe mpaka koti likafumuka kwapani. Na Reinier tangu mdogo ndiye alikuwa akipewa ya kwanza."

Basi likaanza kupunguza mwendo. Mwenye kofia akapekua mkoba wake, akatoa peremende, akamnyooshea. "Chukua basi, dada yangu."

Yule mama aliitazama tu, kisha akasimama.

"Mimi sikurukwa," alisema. "Yangu nilipewa. Na nikaila."

Mlango ukafunguka, akashuka.