Gia za Unga wa Chuma na Ndimu Zangu

Waungwana, nimeombwa niseme, na mnanijua: nikianza mimi, kahawa hupoa. Leo nitajibana.

Nyumbani kwetu hapa Mahajanga, kila maulidi ikikaribia, mama alinikabidhi masinia ya shaba, ndimu na majivu. Nilisugua mpaka wageni wakaziona ndevu zao. Nikaenda kisiwani Nosy Be kufanya kazi katika karakana, na sifa hiyo kichwani.

Siku moja likaja sanduku kutoka Ufaransa. Ndani yake gia ndogo za unga wa chuma ulioshindiliwa, ukachomwa, kisha ukapikwa kwa mvuke. La mvuke sikulijua. Niliona weusi wa kibuluu, umefifia. Nikasema, maskini, bahari imeziharibu. Nikatafuta ndimu.

Ndugu zangu, nawaambia, ziling'aa! Bwana mkubwa, Mfaransa, akauliza nani kazisafisha. Nami nikidhani nitasifiwa, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Akawa mwekundu yeye kwanza. Gia zikamfuata siku ya tatu, kutu tupu. Akanitwisha sanduku: nisirudi bila gia zinazofaa, la sivyo kazi basi.

Nikavuka bahari hadi bandari ya Antsahampano, nikafika hapa nyumbani, nikamwambia mke wangu nimepewa likizo. Akafunua sanduku.

"Likizo yenye kutu?"

Ndiye aliyenikokota kwa fundi wa injini, kijana kuliko mimi. Fundi akacheka, kisha akanieleza: chuma hiki kina vitundu visivyoonekana, na ule weusi, uletwao na mvuke, ndio unaoviziba. Kumbe nilikichuna ngozi, nikatia ndimu kidondani.

Tukaondoa kutu, tukazikausha, tukazipanga katika chungu cha chuma chenye bomba la mvuke, juu ya moto. Mimi na haraka zangu nikafungulia mvuke kabla hazijapata moto. Zikalowa, zikatoka na mabaka. Nililia, sioni haya kusema.

"Mara hii shika kipepeo, upepee moto tu," akasema mke wangu.

Tukazipasha kwanza, mvuke baadaye. Zikatoka nyeusi za kibuluu, sawasawa kila jino. Kidole changu kikaniwasha nizisugue. Mke wangu akakipiga kofi.

Nikazirudisha Nosy Be, na kazi nikarudishiwa. Namshukuru fundi yule, na mke wangu, yule pale nyuma anayecheka. Somo langu ni dogo: kabla hujasafisha kitu, uliza kama ni kichafu.

Sasa maulidi imekaribia. Masinia yenu leteni, nitasugua. Ila yapitie kwanza kwa mke wangu.