Wimbo Niliotoka Nao Nizi

Mama zangu na dada zangu, Mungu awape nguvu. Mama anayetuongoza aliniomba niseme mbele yenu, nami nilikuwa nakwepa. Nikisimama mbele ya watu, sauti inapotea. Basi nimeandika pole pole kwenye karatasi, na leo nitasoma. Mkiona nimenyamaza, mnisubiri kidogo.

Tulikuwa tunaishi Nizi, mimi na mume wangu. Yeye anachimba dhahabu. Mimba hii ilikuwa ya kwanza, na mzalishaji wa kule, mkunga wetu, alinipenda kama binti yake. Tumbo lilipokuwa kubwa akanishika, akashika tena, akasema, "Mutoto amekaa, kichwa iko juu. Na weye uko mudogo. Usizalie hapa. Enda Bunia, kwenye wanaweza kupasua kama inakatala."

Siku zile pia habari hazikuwa nzuri. Amani yetu mnaijua: leo soko linajaa, kesho watu wanafunga mizigo. Mume wangu akanipandisha pikipiki na godoro, yeye akabaki kazini. Mama yangu yuko Kpandroma, na barabara ya kule ilikuwa inafunguliwa na kufungwa. Hakuweza kuja. Nikafika Bunia peke yangu na tumbo langu.

Nilipata chumba katika lupango la mama mmoja mjane, ua mmoja wenye nyumba kadhaa. Asubuhi ya kwanza nilisikia watu wa mule wanavyosalimiana, nikajua ni wa upande ule mwingine wa vita. Sitataja upande wangu wala wao. Siye wote hapa tunajua, na wote tumezika watu.

Ndugu zangu, nawaambia, niliishi mule kama mtu aliyemeza kufuli. Nilisalimia kwa Kiswahili, kisha kimya. Mama yangu akipiga simu, nilienda nyuma ya choo kuongea luga yetu kwa sauti ndogo. Mama mwenye nyumba alikuwa anawaambia wengine, na mimi nasikia, "Ule wa Nizi anaringa. Zahabu imemufunga mudomo." Wanacheka. Mimi naingia ndani.

Sasa ikawa lazima niende kwenye materniti ya hapa, wanipokee na kuona mtoto amelalaje. Kumbe kule wana desturi yao. Kabla ya kupima, wanawake wanaimba nyimbo za mafundisho, na mgeni analeta wimbo wa materniti aliyotoka. Mwanamke mmoja akanitania, "Mugeni hapimwe tumbo mbele hajatuimbia." Nyinyi mnacheka, lakini mimi nilitoka jasho. Wimbo niliokuwa nao ni mmoja tu, ule wa Nizi: maji yakimwagika usingoje, damu ikitoka usingoje, uchukue beseni lako uende. Na wimbo huo wote ni wa luga yetu. Nilisema kichwa kinaniuma, nikarudi nyumbani bila kupimwa.

Kisha miguu ikavimba, na mtoto akaanza kusukuma kwa kichwa chini ya mbavu zangu. Nikaogopa kufa kuliko nilivyoogopa watu. Nikarudi materniti. Nilipoketi kwenye benchi, namwona nani? Mama mwenye nyumba, amemsindikiza mke wa mwanawe.

Wakaniita. Nikasimama, nikaangalia sakafu, nikaimba. Sauti ilikuwa kama ya kifaranga. Nikafika mwisho wa mstari ambapo wengine wanatakiwa kuitikia, na hakuna aliyeitikia. Nilitaka kukimbia.

Ndipo mtu mmoja akaitikia kutoka nyuma. Alikuwa mama mwenye nyumba. Anaimba luga yangu, anaijua hadi mwisho, na anapiga makofi mahali penyewe.

Tulipomaliza akanijia. "Juu ya nini ulinificha? Miye zamani, mbele ya vita, nilikuwa nauzisha viazi Kpandroma. Watoto yangu walizaliwa kule. Hii wimbo nilifundishwa kule, nikiwa na tumbo kama yako."

Nikasema, "Mama, niliogopa."

"Na miye nilisema unaringa," akajibu. "Kuja, wakupime."

Mzalishaji akanipima. Mtoto bado amekaa. Akasema nitazalia hospitali kubwa, huenda watapasua, na kwamba hawampokei mwanamke asiye na mtu wa kumlinda. "Garde-malade wako ni nani?" Hilo ndilo swali nililokuwa nakimbia, kwa sababu sikuwa na mtu.

"Ni miye," mama mwenye nyumba akasema.

Uchungu ulinishika asubuhi, nikiosha vyombo. Alibeba beseni, vikwembe vya kujifunga, makala ya kupikia na babula yake, lile jiko dogo, tukaenda. Walinipasua. Nilipofungua macho, alikuwa amemshika mtoto wangu, mtoto mzima, anayelia. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu mpaka siku ya kutoka. Watu wa kwao walikuja kumuuliza kwa nini anamlinda mtoto wa watu wale. Aliwaambia uji wake unaungua, wamuache.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru mzalishaji wa Nizi aliyenifukuza kwa upendo, na wale wa Bunia walionipokea. Nawashukuru nyinyi mliotuletea mboga ya sombe na sabuni kule hospitali, hata kabla hamjajua jina langu.

Neno langu ni dogo. Mgeni akinyamaza katika lupango lako, usiseme anaringa. Mwendee, umuulize kwao wanaimba nini. Na wewe mgeni mwenye tumbo, usirudi nyumbani bila kupimwa kama mimi. Imba, hata kwa sauti ya kifaranga.

Siku hizi mama yangu akipiga simu, siendi tena nyuma ya choo. Naongea katikati ya lupango, na kuna mtu ananinyang'anya simu ili aulize bei ya viazi vya Kpandroma. Ndiye yule ameketi karibu na mlango. Na anayelia mgongoni mwake ni mwanangu. Mniruhusu niketi, nimnyonyeshe.