Mwanalima na Mashimo Matatu ya Chovai

Ndugu waombolezaji, asalaam aleikum, mimi ni Husein Mukhtari, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa najua yeye angependelea niwasomee barua zake.

Dada yetu Mwanalima binti Mukhtari alizaliwa kisiwani Chovai, karibu na Kismayo, tarehe 3 Machi 1974, binti wa kwanza wa marehemu Mukhtari Shuaibu, fundi wa mashua, na Bi Safiyya, alisoma chuo cha Kurani kisiwani, kisha shuleni Kismayo hadi vita vya 1991 vilipotukimbiza Mombasa, ambako tarehe 12 Julai 1996 aliolewa na Jaafar Mbaraka, Mungu akawajaalia Zakiya na Adnan.

Mwaka 1999 walihamia Ulaya, akasomea uhasibu, na kuanzia 2006 alifanya kazi katika ofisi ya kuwajazia watu fomu za kodi. Nchi ile ilikuwa na sheria kwamba mtu akinunua hisa za kampuni inayotafuta madini, hupunguziwa kodi yake, yapatikane madini au yasipatikane, na marehemu aliwaeleza wateja sheria hiyo kwa moyo mweupe.

Januari 2019 alirudi kisiwani kumuuguza mama, akakuta kampuni imechimba mashimo matatu karibu na kisima cha Chovai, imetafuta madini mchangani, imekosa, imeondoka, na maji ya kisima yamegeuka chumvi. Aliposoma jina la kampuni kwenye bati lililoachwa, alikaa chini pale pale, kwa kuwa jina hilo alikuwa amelijaza katika fomu za wateja kumi na mmoja. Shangazi yetu Fadhila akamuuliza kwa lahaja ya kisiwani, "Yaani mchu hupunguziwa kodi kwa kutafuta tu?" Naye akajibu, "Naam, shangazi, na fomu niliziandika mimi."

Tangu siku hiyo aliandika barua kumi na tisa, kwa kampuni na kwa wakubwa wa kodi wa huko, akitaka nafuu ile isitolewe mpaka mashimo yafukiwe, na katika kila barua alijitaja kuwa alishiriki. Alijibiwa mara mbili, kwanza kwamba sheria huuliza kama fedha zilitumika kutafuta, haiulizi habari za kisima, na pili kwamba kampuni imeshafungwa. Mimi nilimwambia, "Dada, achana nao," akaninunia mwezi mzima, na alikuwa na haki. Mwaka 2023 yeye na wanawake wa kisiwani walifukia mashimo mawili kwa vikapu, la tatu likawashinda kwa kina chake, na mpaka leo Chovai hunywa maji ya madumu yanayoletwa kwa boti.

Aliugua figo tangu Agosti 2024, akatibiwa Kismayo na Mombasa, akafariki nyumbani kwake Kismayo Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, adhuhuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, wahasibu wenzake waliopiga simu kutoka mbali, na wanawake wa Chovai, ambao mikono yao ina sugu za vikapu vile. Wale waliopunguziwa kodi hatuna la kuwaambia, hawatujui.

Dada, Mola akulaze pema, wewe pumzika, sisi hatujatulia.