Mama Beti, Mdogo Wangu Aliyewafundisha Wakurugenzi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wakurugenzi mliosimama pale nyuma na suti zenu, tunayemzika leo ni mdogo wangu, na mimi dada yake ndiye niliyepewa kazi ya kumwelezea. Kabla sijashika kalamu, binti yangu mkubwa aliniomba jambo moja. Alitaka kwenye orodha ya walioachwa aandikwe kuwa mtoto wa marehemu. Nilimwambia orodha hukaa mwishoni, na mimi naandika kuanzia mwanzo. Nalitaja mapema kwa sababu tangu juzi wengi wenu mnampa pole yeye, halafu mnaniuliza mimi viti vya ziada viko wapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba yetu fundi mitambo na mama yetu mshonaji, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, safu ile ya mwisho karibu na tangi la maji. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, na hadi siku hiyo mgongo wa mama ulikuwa wangu peke yangu. Kaka yetu husema kwamba nilipoonyeshwa mtoto niliuliza atarudishwa lini.

Aliwahi kuanza kusema, na alichosema kilikuwa na vina. Mama alipokuwa akipima wateja, yeye alikaa chini ya meza ya cherehani akisikiliza. Siku moja aliinua kichwa akamwambia mama mmoja mnene: "Gauni la buluu, kiuno kimepanda juu." Sisi tulingoja kofi. Yule mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na wiki iliyofuata akarudi na dada zake wawili, kila mmoja na kitambaa chake. Mimi niliyelipiga pasi gauni lenyewe, hakuna aliyeniuliza habari.

Alisoma shule ya msingi ya pale kiwandani kuanzia mwaka 1981, kisha sekondari, kisha chuo cha biashara, ambako alihitimu stashahada ya masoko mwaka 1996. Mimi niliishia darasa la saba. Huko chuoni mwalimu aliwaagiza waandike kurasa tano kuhusu sababu za mteja kuhama duka. Yeye aliandika mistari minne. Mwalimu alimpa nusu ya alama kwa uvivu, halafu akaichukua ile mistari akaiandika ubaoni, darasa zima likainakili.

Mwaka 1997 aliajiriwa katika idara ya masoko ya kiwanda cha sabuni. Mwaka 2006 kiwanda kingine kilishusha bei, na wakurugenzi wa marehemu wakataka kufuata. Aliambiwa alete taarifa. Alileta kadi, moja kwa kila kiti:

Ukishusha bei leo,
kesho utashusha nini?
Mpe mtu tegemeo,
bei ataiamini.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili akauliza, "Tegemeo lipi?" Naye akajibu, "Sabuni yetu inalainika kwenye sahani kabla ya kuisha. Wanawake wanalalamika. Tuanzie hapo." Walianzia hapo, wakaifanya ngumu, na bei haikushuka. Nasimulia alivyonisimulia. Mimi nimefua nguo tangu utoto na nilikuwa nimemwambia habari ya sahani hiyo mwaka mzima kabla, lakini ni kweli sikuwa nimeitia vina.

Mwaka 2009 alifungua ofisi yake, chumba kimoja juu ya duka la miwani, na wakuu wa makampuni wakawa wanapanda ngazi zile nyembamba kwenda kufundishwa. Alisema mkurugenzi ana masikio mafupi kwa kuwa siku nzima anaongea, kwa hiyo mpe maneno yanayoingia mfukoni. Mwenye kampuni ya samani alikuja kulalamika kwamba watu hawavitaki viti vyake. Marehemu alikuwa ameshanunua kimojawapo, akamkalisha hapo hapo wakaanza mazungumzo. Muda si muda bwana yule alikuwa anajigeuza kama mtu mwenye jipu.

"Vipi, mzee, tusimame kidogo?" alimuuliza.

"Mama, mgongo huu."

"Basi na wewe hukitaki."

Akamwandikia: "Kikalie chako kiti, ndipo umwambie: keti." Bwana huyo yupo hapa leo. Ndiye aliyeleta viti hivi mlivyokalia, na naona hakuna anayejigeuza.

Ni wao wakubwa waliomwita Mama Beti, kwa ajili ya beti zake. Yeye hakujaliwa kuzaa. Mimi nimezaa wanne, na hapa mjini najulikana kama dada wa Mama Beti.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 2001 na bwana mpima ardhi, mtu mpole anayependa mipaka iliyonyooka. Waliachana kwa heshima mwaka 2007. Mwaka huo huo liliandikwa shairi ambalo wengi wenu mmelitundika ofisini:

Tangazo ni kama posa,
ndoa ni siku ya pili;
neno lako likikosa,
waachwa bila wakili.

Shemeji aliwahi kuniuliza kando kama shairi hilo linamhusu. Nilimwambia, "Shemeji, lile ni la sabuni." Yupo nasi leo, ameleta maua, na tunamshukuru.

Januari 2012 binti yangu mkubwa alianza sekondari karibu na kwa marehemu, tukakubaliana akae naye mpaka atakapozoea. Nilimpeleka na sanduku, blanketi na maagizo mengi. Alimkuta mama yake mdogo ameshamtandikia kitanda dirishani. Likizo ya kwanza alirudi akisema "mama mdogo amesema hivi, mama mdogo amesema vile". Kufikia mwaka wa pili lile "mdogo" lilikuwa limeanguka njiani. Nilikuwa nampigia simu kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula. Tumekula na mama."

"Mama gani?"

"Mama, jamani. Mama wa huku."

Unapoambiwa na mwanao kwamba kuna mama wa huku, nawe unajua wewe ni wa kule.

Alipokuja likizo nyingine alibandika kadi kwenye ukuta wa jikoni kwangu, juu ya ndoo:

Mteja hafungwi kamba,
hukaa akipendezwa;
hata ukimpa nyumba,
hutoroka akibezwa.

Mume wangu aliisoma akinywa maji, akasema, "Mke wangu, hapa unasemwa wewe." Nilimjibu, "Wanasemwa wenye maduka. Na wewe acha kusoma kuta." Lakini kila nilipochota maji niliisoma, na tangu hapo nilipunguza kumwuliza mtoto maswali kabla hajavua viatu. Hilo marehemu alinifundisha bila mimi kupanda ngazi yoyote.

Binti huyo alimaliza chuo, na mwaka 2019 akaingia kwenye ofisi ile ile juu ya duka la miwani, meza yake ikitazamana na ya marehemu. Nilipokwenda kuwatembelea niliwakuta wanacheka jambo, wakanyamaza kunisalimu, wakaniamkia vizuri kabisa, wakaniletea chai. Jambo lenyewe hawakunieleza.

Septemba 2023 marehemu aligundulika ana maradhi ya figo, akaanza kupelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Binti yangu ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha. Mimi nilihamia kwao mwezi Februari mwaka huu, nikawa naleta chupa ya supu wodini. Siku moja nilifika mlangoni nikamsikia muuguzi akiuliza, "Wewe dada ni nani wa mgonjwa?" na binti yangu akajibu bila kusita, "Mimi ni mtoto wake." Niliingia. Muuguzi akanigeukia, "Na wewe mama?"

Nikasema, "Mimi ni mama wa mtoto wake."

Muuguzi alitutazama watatu, akaandika kitu akaondoka. Marehemu alicheka mpaka tukamzuia asichomoe mpira wa mkononi.

Binti alipokwenda kuchukua dawa, marehemu akaniambia, "Dada, umenuna."

"Sijanuna."

"Umenuna tangu nilipozaliwa. Mtoto si soko, dada. Hakuna aliyekupokonya mteja."

"Wewe ulikuwa na matangazo mazuri," nikamwambia.

"Na wewe ulinipa bidhaa iliyokamilika. Ningekosea wapi?"

Nikafungua chupa ya supu. Wivu si homa kusema utashuka kwa kidonge kimoja. Lakini siku zilizofuata nilikaa pembeni nikawatazama, maana kutazama ndiyo kazi yangu. Nilimwona binti anamgeuza mgonjwa bila kumuumiza, anakunja shuka pembe kwa pembe, anaonja supu kwa mgongo wa kijiko kabla ya kumpa. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi. Na alipokuwa akimliwaza alimsemea maneno mafupi yenye vina, taratibu, mpaka mgonjwa akasinzia. Hayo hayakutoka kwangu, na sikuweza kusema mtoto yule angeacha lipi, langu au la marehemu, na bado abaki yeye.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, hospitalini, mkono mmoja ukiwa kwangu na wa pili kwa binti. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wakurugenzi wote kwa hotuba zenu, hasa zile zilizokuwa fupi kama alivyowafundisha.

Ameacha kaka mmoja, dereva wa treni, dada mmoja, shemeji mmoja, ambaye ni mume wangu, na aliyekuwa mume wake, wote wema, watoto watatu wa dada yake waliomwita mama mdogo, na wanafunzi wake, wenye maduka na viwanda vyao. Ameacha pia binti mmoja, ambaye mama yake mzazi yu hai na ndiye anayewasomea maneno haya.

Apumzike kwa amani isiyohitaji kutangazwa.