Fundi Vipaza, Mpiga Debe wa Mgombea Mwenza

Mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Vipaza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa seremala na mkewe. Nyumbani kwao mkubwa akisema, mdogo alinyamaza, na malezi hayo hayakumtoka maisha yake yote.

Alisoma hadi darasa la nane, kisha akapelekwa kwa mjomba wake, fundi redio, akajifunze kazi. Mwaka 1974 alifungua kibanda chake nyuma ya stendi, chumba kimoja chenye harufu ya nyaya zilizoungua. Harusi, misiba, mikutano ya hadhara: palipohitajika kipaza sauti, aliitwa yeye.

Tarehe 6 Desemba 1977 alimwoa mshonaji wa duka la jirani. Siku ya posa alichelewa kwa sababu alikuta redio ya mshenga imeharibika, akashindwa kuiacha. "Nilijua naolewa na nyaya," mama husema, "lakini zilikuwa nyaya zenye adabu." Walijaliwa watoto watatu.

Alijiunga na chama cha wahafidhina angali kijana. Alipenda kututania kwamba anataka kila kitu kibaki kama kilivyo, isipokuwa barabara ya kwenda kibandani kwake. Uchaguzi wa 2011 ndio uliomteka. Mgombea urais wa chama, mzee alimheshimu tu. Aliyependwa na mzee ni mgombea mwenza, mkunga mstaafu na makamu mwenyekiti wa chama, ambaye tawini kwetu aliitwa Shangazi. Huyo alikaa kwenye mabenchi yetu na kuwaulizia wagonjwa wetu mmoja mmoja. Mzee alimpigia debe kufa na kupona, na Shangazi aliposhika kipaza, sauti nayo iliongezwa kidogo.

Chama kikashindwa. Wakubwa wakatafuta wa kumtwika lawama, wakamtwika Shangazi. Matawi yakakataa katakata, yakasema yeye ndiye anayefaa kukiongoza chama.

Tarehe 18 Februari 2012, kwenye mkutano mkuu, mzee alikuwa kwenye mitambo. Shangazi aliposimama kujitetea, mwenyekiti alimwinamia mzee akamwambia, "Fundi, zima hicho kipaza." Mkono ukatii kabla moyo haujajua. Watu wa matawi waliona midomo ya Shangazi ikicheza wasisikie neno, kisha kura ya kumvua uongozi ikapita. Tawini walidhani ni umeme. Mzee hakuwasahihisha, ila hakugusa tena mitambo ya chama, na kila alipoulizwa sababu alisema mgongo unamuuma.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua. Tulimzungusha hospitali hii na ile, tukabaki kukaa kwenye korido tukitazamana, maana hatukuwa na la kufanya. Alipozidiwa ndipo alipotusimulia habari ya kile kipaza, akaomba aitiwe Shangazi.

Shangazi alikuja siku hiyo hiyo, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mzee akamwomba radhi huku akilia, jambo ambalo sisi wanawe hatukuwahi kuliona. Shangazi akamshika mkono.

"Kaka, usijitese. Kura walishazipanga tangu jana yake. Hata ungekiacha wazi, ningeondolewa tu."

Alidhani anamfariji. Mzee akauliza, "Kwa hiyo sisi wote, ile miezi yote, tulikuwa tunampigia nani kelele?"

Shangazi akamvutia shuka mabegani. Mpaka leo sisi tuliokuwa tumesimama pale tunaona uchungu kwamba aliondoka bila kupata jibu. Alifariki kesho yake, tarehe 2 Juni 2021, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na wanachama wenzake wa tawi, ambao wiki hii, hapa hapa msibani, wameanza tena kumpigia debe Shangazi kwa uchaguzi ujao. Mama amewasikia.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake, na ampe amani aliyoikosa.